Siku Iliyompotea Baba

Nyumbani kwetu Mungu alikuwa na siku mbili, na ukiongeza ya jirani zilikuwa tatu. Ijumaa ilikuwa ya ayeeyo, yule bibi wa Kisomali tuliyepakana naye ua pale mtaani Galbet. Jumamosi ilikuwa ya baba. Jumapili ilikuwa ya mama. Mimi, kitindamimba wao, nilizunguka katikati yao nikipiga magoti kila nilipoambiwa. Sidhani kama Garissa nzima kulikuwa na msichana aliyesali kuliko mimi, wala aliyesinzia akisali kuliko mimi.

Baba alikuwa Msabato wa kuzaliwa. Alitoka milima ya Kisii, kwenye vijiji ambako Jumamosi asubuhi hakuna anayepasua kuni na njia zote hujaa watu waliovaa viatu vya kung'aa. Mama alitoka Machakos, binti wa mzee wa kanisa la Jumapili, na alikuwa amefundishwa kwamba siku ya Bwana ni ile aliyofufuka, basi, mjadala umekwisha. Walipooana, kila ukoo ulingoja upande wa pili ubadilike. Miaka ikapita, watoto wakaja, na hakubadilika mtu. Husemwa fahali wawili hawakai zizi moja, lakini hawa wangu walikaa, tena kwa raha zao.

Walikaa kwa sababu ya mapatano. Siku ya baba moto hauwashwi nyumbani, hata kama mama ana hamu ya chai. Siku ya mama baba hashiki nyundo wala spana, hata kama mlango umeng'oka bawaba. Na la tatu, zito kuliko yote, ni kwamba kila mtoto akimaliza darasa la nane atachagua mwenyewe siku yake, na mzazi atakayeachwa asinune. Dada yangu alichagua Jumamosi. Kaka yangu akachagua Jumapili. Wote wawili walikuwa shule za bweni huko bara, wamekula matamu yao wakaniachia mimi machungu. Sare ilikuwa moja kwa moja, na mimi ndiye niliyebaki kuivunja.

Watu wazima hawajui wanavyomlemea mtoto wanapomwambia achague. Ningeambiwa tu pa kwenda, ningeenda.

Garissa ya miaka ile haikuwa rahisi kwa Msabato. Huko kwa baba, Ijumaa alasiri ndiyo saa ya pilikapilika: watu huchota maji, hupika, hunyoosha nguo, ili jua likizama kila kitu kiwe tayari na mikono itulie. Sisi tulipohamia Galbet tulileta desturi hiyo nzima nzima kama tulivyobeba vitanda. Ijumaa yetu ya kwanza, mama alitoka baada ya adhuhuri kwenda kutafuta makaa na maji. Akakuta mji umefungwa. Milango ya maduka imeshushwa, sokoni wamebaki mbuzi peke yao, na wale punda wanaokokota maji kutoka mto Tana wamefunguliwa wamesimama kivulini, wenyewe wako msikitini. Kufikia pale mikokoteni iliporudi barabarani, jua lilikuwa limeshuka na baba amesimama mlangoni akilitazama kama mtu anayetazama basi linavyomwacha. Sabato ile tuliimaliza kwa mtungi nusu wa maji na ndizi mbivu. Kuanzia wiki iliyofuata tukajifunza kujiandaa Alhamisi.

Ayeeyo alikuwa akituchungulia kupitia ua wa miiba, na hakuamini alichokuwa akikiona.

"Wallahi, nyinyi watu ya Kenya," alisema siku moja, maana kwake Kenya ilianza ng'ambo ya daraja la Tana na sisi tulikuwa tumetoka huko. "Siku ya Mungu yenu ni ngabi? Sisi iko moja tu."

"Ni moja, ayeeyo," baba alijibu. "Jumamosi."

"Ni moja, ayeeyo," mama alisema kutoka ndani. "Jumapili."

Bibi alicheka hadi shela ikamdondoka kichwani.

Kilichomuudhi ni chai. Kwamba mtoto mdogo anaamka Jumamosi asubuhi anapewa chai ya jana kwenye thermosi iliyopoa, kwake ilikuwa ni ukatili usio na dini. Akaanza kutupitishia birika juu ya ua, chai ya maziwa ya ngamia yenye iliki na sukari ya kung'oa meno. Baba alishikwa na mashaka. Amri ya nne, alisema, inakataza hata mgeni aliye ndani ya malango yako asikufanyie kazi. Sasa ayeeyo yuko ndani ya malango yetu au nje? Ua ni mmoja, umepandwa na mwenye nyumba. Alilifikiria jambo hilo wiki mbili, akapima kwa macho miiba iko upande gani, na sisi tukinywa chai huku tukimsubiri aamue. Mwishowe alikata kauli kwamba bibi anapika chai yake mwenyewe na inamzidi, kwa hiyo hakuna dhambi. Tangu hapo kila Jumamosi chai ilimzidi ayeeyo.

Nikikumbuka miaka ile sikumbuki vumbi wala joto, ingawa vilikuwepo. Nakumbuka jioni, mkeka umetandikwa nje, baba na mama wakibishana kwa sauti za chini kama watu wanaocheza bao. Mama alipenda kumchokoza. "Hebu nihesabie, baba watoto. Jumamosi ni mosi, Jumapili ni ya pili. Hiyo ya saba umeipata wapi?" Baba alijibu kwamba waliozipa siku majina hawakumwuliza Mungu. Mama alimwambia kwamba Bwana alipotoka kaburini alijua ni siku gani. Baba akasema hata akifufuka Jumanne, amri haifutiki. "Siku ni siku," alimalizia kila mara. "Ukiikosa umeikosa. Huwezi kupanda basi la jana." Nilikuwa napenda kulala nikisikiliza, na nilikuwa naogopa pia, kwa sababu nilijua mwisho wa maneno hayo yote ni mimi.

Ukaja mwaka wa ukame, ule uliotangulia mvua za el nino. Baba alikuwa fundi wa injini za visima vya serikali, zile zinazovuta maji ya chini kwa ajili ya mifugo. Kwa kawaida alikwenda na kurudi. Safari hii alipelekwa kwenye kisima kimoja porini, upande wa Liboi, injini yake ikiwa inakufa kila siku na ngamia wakiwa wamejipanga tangu alfajiri. Aliambiwa akae huko mpaka mvua inyeshe au mtu mwingine apatikane. Nilikuwa darasa la nane, muhula wa mwisho.

Aliaga Jumapili baada ya mama kurudi kanisani. Akanishika bega. "Nikirudi utakuwa umemaliza," alisema. "Utatuambia."

"Ndiyo, baba."

"Usitazame uso wangu wala wa mama yako. Tazama ukweli." Ilikuwa rahisi kwake kusema. Ukweli haukuwa unanipikia wala kuninunulia viatu.

Nilimwuliza atazijuaje siku huko porini. Akacheka. Msabato hahitaji kalenda, alisema, angechora alama kwa chaki ukutani mwa kibanda cha injini kila asubuhi.

Alipoondoka nilidhani mapatano yamepumzika kidogo. La hasha. Watu wa Sabato pale mjini walikuwa wachache, walimu kadhaa, mkunga, polisi wawili na wake zao, na walisali katika darasa la kuazimwa. Kwa kuwa nyumba yetu ilikuwa karibu, baada ya ibada ya asubuhi walikuja kula kwetu, chakula kilichopikwa jana yake, na kukaa kivulini hadi jua lizame. Mama, ambaye hakuwa wao, aliwapikia Alhamisi usiku na Ijumaa asubuhi, na Jumamosi jiko letu likabaki baridi vilevile. Nikamwambia, mama, si baba hayupo? Hata tukiwasha nani atajua?

"Mapatano hayana likizo," alinijibu. Jumapili tulikwenda kanisani kwake wawili tu, na aliimba kama kawaida, lakini nilimwona anavyotazama zile familia zilizojaza benchi zima, baba, mama na watoto. Hapo nilikuwa nakaribia kuamua. Nilimwonea huruma.

Sasa, siku ya tukio lenyewe. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Watu wa Sabato wamekaa mikekani uani kwetu na sahani za pure baridi, mahindi na maharagwe, na chapati. Mzee wa kanisa lao, mwalimu wa sekondari mpole mwenye miwani, alikuwa anatusomesha zaburi. Lori la mbuzi likasimama nje, na kwa juu kabisa, katikati ya pembe, akateremka baba.

Alikuwa amekonda. Shati lake limeloa mafuta ya injini, na begani ana gunia la makaa. Nilimkimbilia. Alinikumbatia kwa mkono mmoja, haraka haraka, macho yakiwa kwenye jua.

"Ndugu zangu, Mungu awabariki, mmewahi!" alisema kwa furaha. "Nilimhimiza dereva njia nzima. Nilimwambia, mimi jua likizama niko barabarani, nitashuka nilale hapo hapo na fisi. Mama watoto, maji yapo? Nipashe kidogo nioge kabla hatujafungua Sabato."

Polisi mmoja alibaki na kijiko hewani. Baba hakugundua. Aliliweka gunia chini, akalivuta jiko, akamimina makaa, akachuchumaa, akatoa kiberiti mfukoni na kukiwasha, yeye, mbele ya kanisa zima, siku ya Sabato, huku akipiga mluzi.

Mimi nilidhani jua la Liboi limemharibu akili.

Mama ndiye aliyesogea. Aliinama, akapuliza ile njiti ikazimika, na mkono wake ukabaki umeshika mkono wa baba.

"Baba watoto," alisema polepole, "leo ni Jumamosi."

Baba alicheka. Alidhani ni uchokozi wake wa kila siku. Kisha akatazama watu, nguo zao, sahani zao, gauni langu jeupe. Akacheka tena, kidogo. "Leo ni Ijumaa," alisema. "Nimehesabu."

Kutoka upande wa pili wa ua ayeeyo alikuwa amesimama na birika lake, chai imemzidi kama kawaida. "Ijumaa ilikuwa jana, mzee," alisema. "Mimi nimeswali. Jana."

Nadhani angebishana na mama mpaka usiku, na pengine hata na mwalimu. Lakini bibi yule na Ijumaa yake hakuweza kubishana naye. Alikaa juu ya gunia la makaa.

Ilijulikana baadaye. Wiki zake za mwanzo huko kisimani alishikwa na malaria. Mlinzi wa kisima, mfugaji asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu, alimfunika mablanketi na kumnywesha maziwa. Baba alilala, akaamka kukiwa asubuhi, akachora alama ya usiku mmoja. Hakuwa amelala usiku mmoja. Homa ilikuwa imemeza siku nzima na usiku wake, na tangu hapo chaki yake ilikuwa inafuata nyuma ya dunia kwa siku moja. Redio haikuwa na betri. Wafugaji waliokuja na ngamia walisali kila siku pale pale mchangani, lakini msikiti haukuwepo na hotuba haikuwepo, kwa hiyo Ijumaa yao ilifanana na Jumanne. Dereva wa lori hakusimama kwa swala ya adhuhuri ya mkusanyiko, na baba akasema moyoni, ni msafiri, ameruhusiwa.

Kwa wiki zote hizo mtu huyu, aliyesema ukiikosa siku umeikosa, Sabato ya kweli aliitumia akifungua injini na kukaza boliti, tena kwa bidii ya maandalio. Na siku iliyofuata, ambayo kwa dunia ilikuwa Jumapili, alioga, akavaa shati safi, akawaambia wafugaji kwa ishara kwamba leo hafanyi kazi, akaketi na Maandiko yake chini ya kivuli cha tangi.

Alilia. Sikuwahi kumwona akilia na sikujua pa kuangalia. Mwalimu alimwambia, "Ndugu yangu, homa haimwulizi mtu ni siku gani." Wote waliitikia. Haikumsaidia. Alikaa juu ya gunia lile hadi jua lilipozama na watu wakaaga mmoja mmoja kwa kumgusa bega, na hata chai ya ayeeyo ilipoa mkononi mwake.

Jua lilipokwisha zama mama aliwasha jiko, akapasha maji, na baba akaoga. Tulikula. Hapo sikuweza kujizuia. Nilikuwa mtoto na swali lilikuwa linaniwasha.

"Baba, zile siku ulizosali kule, Mungu alikusikia?"

Baba alikuwa na aya kwa kila jambo. Kwa hili hakuwa nayo. Akisema hakusikiwa, basi alikuwa peke yake kweli kule porini na homa yake. Akisema alisikiwa, mjadala wa miaka yote umeishia hapo mezani, na mshindi ni mama. Niliona anavyohangaika, nikatamani kulirudisha swali, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nikamtazama mama nikidhani atamalizia. Nafasi ilikuwa yake. Hata mimi ningeitumia.

Mama alimwongezea ugali. Kisha akamwuliza, "Ulikuwa unasali saa ngapi?"

"Asubuhi. Jua likishapanda kidogo, kabla ya joto."

"Na sisi ndiyo saa tunayoanza," mama alisema. Akawa anafuta mkono wake kwa leso bila haja. "Nilikuwa nakutamani kwenye benchi lile, baba watoto. Kumbe ulikuwepo."

Katika miaka yote waliyoishi baada ya pale, hata siku walipogombana kweli, sikumsikia akiitumia habari ile kumshindia baba. Mimi nimeolewa, najua ni kiasi gani cha mapenzi kinahitajika kufunga mdomo namna hiyo.

Shule ilifungwa. Ndugu zangu walirudi likizo, na siku ya kuchagua ikafika, tumekaa mkekani wote. Baba alitazama mikono yake. Mama alinitazama usoni, akitabasamu ili nisiogope, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Nilisema Jumamosi.

Walitaka sababu. Sikuwa na ukweli ule ambao baba alitaka niutazame. Nilisema tu kwamba mama ana kanisa zima la kuimba naye, na baba alikuwa anasali na injini. Sikutaka asali tena na injini. Nilisema hivyo nikiwa nalia, na dada yangu akanicheka, na kaka akasema hiyo si hoja. Mama alisema ni hoja tosha. Alinyanyuka akaingia jikoni na akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Hakununa. Alikuwa ameahidi. Lakini nilijua nimemfanya nini, na chai ile sikuimaliza.

Jumapili iliyofuata aliamka mapema kama kawaida na kujifunga kitambaa chake cha kanisani. Kaka alikuwa anaumwa jino, kwa hiyo alijua atakwenda peke yake. Alipotoka nje alimkuta baba amesimama langoni. Amevaa koti lake la Sabato, lile alilolitoa sandukuni Jumamosi tu, na viatu vimepakwa rangi.

"Unakwenda wapi?" mama alimwuliza.

"Nakusindikiza."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye benchi."

Mama alimwekea kola vizuri, ingawa ilikuwa imekaa vizuri tayari. Mimi nilitoka mbio na gauni la jana nikawafuata nyuma. Ayeeyo alikuwa ananyunyizia maji uwanja wake ili afagie vumbi. Alituona, akasimama, akamtazama baba kuanzia viatu hadi kola, akaingiwa na wasiwasi.

"Mzee," aliita juu ya ua, "leo Jumabili. Umebotea siku tena?"

Baba alimshika mama mkono, jambo ambalo watu wa rika lao hawakulifanya barabarani.

"Hapana, ayeeyo," alisema. "Leo nimehesabu vizuri."